Bila Bunduki Tutashindaje? Mafunzo ya Maisha Kutoka kwa Mwalimu Nyerere

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Taifa humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia jijini London siku hiyo mwaka 1999. Hotuba husomwa, mbio za Mwenge wa Uhuru hufikia kilele, na watoto wa shule hufundishwa kwamba Tanganyika ilipata Uhuru wake kwa njia ya amani. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi kiasi kwamba msikilizaji wa leo anaweza kudhani amani hiyo ilikuja yenyewe, kama mvua za masika. Waliokuwepo hawakuiona hivyo. Swali ambalo Mwalimu alieleza baadaye kwamba alikutana nalo tangu mwanzo wa safari zake za kuinadi TANU lilikuwa la wasiwasi: wazee walitaka kujua watu wasio na bunduki watamshindaje Mwingereza, na ni nani atakayewahakikishia kwamba yaliyowapata Wahehe na yaliyowapata watu wa Majimaji hayatajirudia.

Makala haya yanalirejea swali hilo, kwa kuwa majibu yake ndiyo yenye mafunzo.

Wazee wale walikuwa na sababu ya kuogopa. Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, vilikuwa na umri wa chini ya miaka 50 wakati TANU inaanzishwa. Mtu wa miaka 60 mwaka 1954 alikuwa mtoto mwenye akili timamu wakati majeshi ya Wajerumani yalipochoma vijiji na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, na makadirio ya vifo yanaanzia makumi ya maelfu hadi kufikia laki tatu. Mjini Songea, wananchi hukutana kila tarehe 27 Februari kuwakumbuka viongozi walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Kuhusu Wahehe, kumbukumbu ilikuwa mbichi zaidi kuliko tunavyofikiri. Fuvu linaloaminika kuwa la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, lilirejeshwa Kalenga na Gavana Edward Twining mwezi Juni 1954. Wiki chache tu baadaye, tarehe 7 Julai, wajumbe walikutana Dar es Salaam na kuunda TANU. Mwananchi wa Iringa aliyesikia habari za chama kipya mwaka ule alikuwa ametoka kuona, kwa macho yake, gharama ya kumpinga mkoloni kwa silaha.

Kwa upande wa kaskazini, nchi jirani ya Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu mwaka 1952, na habari za Mau Mau, za makambi na za watu walionyongwa zilivuka mpaka kila siku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa kuondoa hofu. Aliyekuwa na hasira alihitaji kushawishiwa kwamba panga halihitajiki, na aliyekuwa na woga alihitaji kushawishiwa kwamba kudai haki si kujitakia kifo. Hao wa pili ndio walikuwa wengi.

Jibu alilowapa lilikuwa la kisheria kabla ya kuwa la kimaadili. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, ambayo Uingereza iliitawala kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa, na mkataba wa udhamini uliitaka iwaandae wenyeji kujitawala. Lipo jambo ambalo mara nyingi husahaulika: njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na wakulima wa Meru. Walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao huko Ngare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, walichangishana fedha na kumtuma Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo, nchi nzima ilijifunza kwamba Mwafrika wa Tanganyika angeweza kusimama New York na kumshitaki mtawala wake akasikilizwa. Mwalimu alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955, kwa nauli iliyotokana na michango ya wananchi, alikuwa anapita katika njia ambayo wakulima walikuwa wameikanyaga kabla yake. Hakuificha sifa hiyo wala hakuwa na haja ya kuificha.

Ni haki pia kusema wazi kwamba mazingira yalisaidia. Walowezi wa Tanganyika walikuwa wachache wakilinganishwa na wale wa Kenya au Rhodesia, na Uingereza haikuwa na maslahi makubwa ya kuifanya ing'ang'anie. Wapo wanaotumia ukweli huu kupunguza sifa ya waliopigania Uhuru. Mwandishi wa makala haya anaona kinyume chake. Mazingira mazuri yangeweza kuharibiwa kwa siku moja ya ghasia, na kazi ya kiongozi ilikuwa kuhakikisha siku hiyo haifiki.

Inafaa tutazame namna Mwalimu alivyoingia katika kazi hiyo, maana hapo kuna fundisho linalowagusa hasa watumishi wa umma. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waraka huo ulikiumiza chama cha TAA, kwa kuwa wengi wa viongozi wake wenye elimu walikuwa makarani, madaktari wasaidizi na walimu wa Serikali. Mwalimu, ambaye mwaka huohuo alimrithi Abdulwahid Sykes katika uongozi wa TAA, alikuwa anafundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Francis, Pugu, hivyo waraka haukumfunga. Lakini aliporudi kutoka New York mwaka 1955 naye alitakiwa kuchagua kati ya kazi na siasa. Alikuwa na mke, na familia changa ya kulisha. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache sana wenye shahada, aliyoipata katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, na mshahara wake ulikuwa wa kuonewa wivu. Aliandika barua ya kujiuzulu.

Tangu hapo alitegemea watu. John Rupia alitoa fedha, Dossa Aziz akatoa gari, na wananchi wa kawaida wakatoa mahali pa kulala na sahani ya chakula kila alikofika. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, akawaleta wanawake kwa maelfu kupitia mitandao ileile ya ngoma na shughuli, jambo ambalo wasomi wa TAA hawakuwa wameliweza kwa miaka mingi. Mara nyingi tunamtaja Mwalimu kana kwamba alikuwa peke yake. Kiongozi anayekataa silaha hawezi kuwa peke yake, kwa sababu silaha yake pekee ni wingi wa watu wenye nidhamu, na watu hao huletwa na watu wengine wanaoaminika mitaani na vijijini. Lugha nayo ilifanya kazi ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa na bahati ya kuipata. Mwalimu aliyezaliwa Butiama, mwenye Kizanaki kama lugha ya mama, angeweza kuhutubia Lindi, Tanga na Kigoma kwa Kiswahili kimoja, na kila mmoja akasikia kwamba anasemeshwa yeye.

Kutotumia nguvu hakukuwa na maana ya kunyamaza, na hapa ndipo kizazi cha sasa hukosea zaidi. Mwaka 1957 Serikali ilimzuia Mwalimu kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa. Usukumani matawi ya TANU yalipigwa marufuku kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, ingawa ndiko kulikokuwa na watu wengi zaidi na malalamiko makubwa zaidi. Katika hali hiyo chama kiliandika barua, kilipeleka maombi Umoja wa Mataifa, kilichapisha gazeti lake dogo la Sauti ya TANU, na kiliendelea kuandikisha wanachama pale kilipoweza. Katika mwaka huohuo wa 1957 Mwalimu aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikubali, akajaribu, na ilipofika mwezi Desemba alijiuzulu baada ya kuridhika kwamba mapendekezo yake hayakuwa yanachukuliwa kwa uzito. Kiti cha heshima hakikumfunga mdomo.

Mtihani mgumu kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, haukutoka kwa Gavana. Ulitoka ndani ya chama chenyewe, mjini Tabora, mwezi Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa wabunge, lakini kwa masharti ya kudhalilisha. Kura zilipewa wenye kiwango fulani cha kipato, elimu au wadhifa, hivyo wananchi walio wengi waliachwa nje. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyechagua wote watatu, kura yake iliharibika. Utaratibu huo, uliojulikana kama kura tatu, uliwapa watu wachache uwakilishi sawa na wa mamilioni. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kususia. Ilikuwa rahisi kususia. Kususia kungeshangiliwa.

Mwalimu alisimama kupinga hisia za mkutano ambao ulikuwa unampenda. Hoja yake ilikuwa kwamba TANU ikikaa nje, viti vyote vitakwenda kwa chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za watawala, na sheria za nchi zitaandikwa na wengine. TANU ikiingia, inaweza kuchagua Wazungu na Waasia wanaoamini Uhuru, na kuutumia utaratibu mbovu kuuvunja utaratibu huohuo. Mjadala ulichukua siku kadhaa. Mwishowe wajumbe walikubali kushiriki, na uamuzi huo umebaki katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Wajumbe hawakutoka mikono mitupu: waliafikiana pia kwamba iwapo Serikali haitatoa madaraka yaliyodaiwa, chama kitaandaa hatua za kupinga bila fujo, ikiwemo migomo. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akaondoka na kuanzisha chama chake cha ANC. Aliachwa aende.

Matokeo yanafahamika. Katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walivishinda viti vilivyoshindaniwa. Miongoni mwa walioingia kwa njia hiyo ni Amir Jamal, Derek Bryceson na Sophia Mustafa, ambao hawakuwa Waafrika kwa asili lakini walisimama na TANU. UTP ilikufa. Kura tatu ikafa pamoja nayo, na katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Rahisi kusahau, tukitazama nyuma, kwamba Januari 1958 hakuna aliyejua mambo yatakuwa hivyo, na kwamba mtu aliyewashawishi wenzake wameze chungu angeweza kuitwa msaliti maisha yake yote kama hesabu zingekwenda vibaya.

Miezi michache baada ya Tabora ulikuja mtihani mwingine, mdogo kwa sura, wenye mvuto wa hatari. Sauti ya TANU ilikuwa imechapisha makala ya Mwalimu iliyowashutumu maafisa wawili wa wilaya kwa namna walivyowatendea wananchi. Alishitakiwa kwa kashfa, kesi ikasikilizwa Dar es Salaam katikati ya mwaka 1958, na umati ukafurika nje ya mahakama. Alitetewa na wakili mashuhuri kutoka Uingereza, D. N. Pritt. Hakimu alimtia hatiani na kumpa nafasi ya kuchagua: kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita.

Wakati ule jela ilikuwa karibu sawa na cheti cha uongozi. Kwame Nkrumah alitoka jela akaingia madarakani. Jawaharlal Nehru alikaa jela miaka mingi kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa India. Wapo ndani ya TANU waliotaka Mwalimu naye aingie, kwa hesabu kwamba siku atakayotoka nchi nzima itakuwa yake. Alilipa faini. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa amewasili mwezi uleule, akitokea Kenya alikoshiriki kuzima Mau Mau, na pande zote mbili zilikuwa zinapimana. Kiongozi akiwa gerezani, ni nani angewazuia vijana wa Mwanza na Geita, ambako mwaka uleule wakulima walikuwa wameandamana na polisi wakatumia mabomu ya machozi? Heshima ya kufungwa ingekuwa yake yeye. Gharama ingelipwa na wengine. Alichagua kukaa nje, akakutana na Turnbull, na wawili hao wakajenga maelewano. Ilipofika Oktoba Gavana alitamka kwamba serikali ya Tanganyika ijayo itaongozwa na Waafrika kwa sehemu kubwa, na migomo iliyokuwa imepangwa haikuhitajika tena.

Katika ofisi nyingi za umma kuna watu wanaopenda zaidi kuonekana wameonewa kuliko kuona kazi imekamilika. Mwandishi hajitoi katika kundi hilo, na anapoisoma habari ya faini ile hujikuta akijipima.

Uhuru ulipokaribia, shabaha ya mafunzo iligeuka. Sasa swali halikuwa namna ya kumshinda mwenye nguvu. Lilikuwa namna ya kutumia nguvu unapoipata. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya sherehe za tarehe 9 Desemba, Muswada wa Uraia ulifikishwa bungeni. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na hoja yao ilikuwa na mashabiki mitaani, kwa sababu uchungu wa kubaguliwa ulikuwa wa jana tu. Mwalimu alisimama kwa hasira ambayo hakuwahi kuionyesha kwa Waingereza. Alieleza kwamba kuufunga uraia na rangi ya ngozi ni kufanya yaleyale yaliyopingwa kwa miaka yote, na kwamba anayeanza kuwabagua watu kwa rangi hataishia hapo, maana atatafuta mwingine wa kumbagua kwa kabila au kwa dini. Akasema Serikali yake itajiuzulu iwapo muswada hautapitishwa. Ulipitishwa. Ushindi bila umwagaji damu huwa na jaribu lake: walioonewa wanaweza kudai fidia kwa kuwaonea wengine, na safari hii mdai alikuwa mtu wake mwenyewe.

Na tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, akarudi kwa wanachama kukijenga chama kilichoanza kujiona kimemaliza kazi. Nchi changa ilishangaa. Alirejea madarakani Desemba mwaka huohuo kama Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Hatutakuwa wakweli tukimfanya Mwalimu kuwa mtu aliyekataa silaha katika kila hali. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Tanzania iliwahifadhi wapiganaji wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978 aliwaongoza Watanzania vitani. Tamko la Lusaka la mwaka 1969, ambalo alishiriki kwa karibu kuliandaa, linaeleza msimamo huo kwa ufasaha: nchi za Afrika zilipendelea mazungumzo kuliko uharibifu, na pale njia ya amani ilipofungwa kabisa na watawala zilikuwa upande wa wanaopigana. Tofauti kati ya Tanganyika ya mwaka 1955 na Msumbiji ya mwaka 1964 ilikuwa mlango. Huku mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na kazi ilikuwa kuusukuma. Kule ulikuwa umepigiliwa misumari.

Vilevile hakuwa mtu asiyekosea, na yeye alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Serikali yake ilivunja mamlaka za serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Alipokaribia kung'atuka, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, aliyataja mambo hayo mawili bila kuzunguka. Ushirika ulikuwa umempa TANU nguvu vijijini miaka ya 1950, hasa kwa wakulima wa pamba na kahawa, na halmashauri zilikuwa shule ya kujitawala. Kuondoa vyombo hivyo kulimwondolea mwananchi mahali pa kusema hapana kwa utulivu. Kwa mtu aliyeupata Uhuru kwa kujenga vyombo vya namna hiyo, kukiri huko hakukuwa kwepesi.

Kukiri kulifuatiwa na vitendo akiwa bado madarakani. Bunge lilitunga upya sheria za serikali za mitaa mwaka 1982, na halmashauri zikarejea kazini mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya Mwalimu kumkabidhi madaraka Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985. Sheria hizo, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini ndizo ambazo hadi leo zinaunda mkutano mkuu wa kijiji, unaomhusu kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 na ambao hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa za mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo, na mkazi yeyote anaruhusiwa kusimama na kuuliza.